Mtu Aliyengoja Kupigwa

Mwaka ule wa sensa, Sebolai mwana wa Ramosoeu alikuwa anatembea mgongo wazi. Baridi ya Aprili ilikwisha kushuka kutoka vileleni, wenzake wamejifunga mablanketi mpaka puani, lakini yeye la kwake alilining'iniza begani kama mtu aliyetoka kuoga. Hakutaka atakayekuja na fimbo apate taabu ya kutafuta pa kupiga.

Kwetu mwanamume haambiwi kwa mdomo kwamba mkewe amejifungua mzaliwa wa kwanza. Mke huenda kujifungulia kwa mama yake, mume hubaki akijitia hana wasiwasi, na siku ikifika wakwe hutuma mjumbe. Mjumbe huyo hasalimu mtu. Ananyata, anakujia kwa nyuma, na kama ni mtoto wa kiume anakutandika fimbo ya mgongo. Kama ni wa kike anakumwagia ndoo ya maji kichwani. Ukishapigwa au ukishalowa, wewe ni baba. Kabla ya hapo wewe ni mwanamume tu ambaye mkewe amesafiri.

Sebolai alikuwa tayari kwa lolote, fimbo au maji. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuja.

Mkewe, Nomalizo, alikuwa Mophuthi kutoka bonde la juu, ng'ambo ya mlima. Ukimuuliza mtu wa mjini nchi yetu ina watu gani, atakwambia Basotho, basi, na labda Mzungu mmoja mwenye duka. Baphuthi hawamo katika jibu hilo. Wao wamo bondeni mwao, na lugha yao na ubishi wao, na wala hawajaomba ruhusa ya mtu. Sebolai alimpata Nomalizo alipokwenda kule kukata manyoya ya kondoo. Ng'ombe wa mahari aliwaswaga mwenyewe, wakafika wote, hakuna aliyechechemea. Kwa hiyo hayakuwa mambo ya deni. Wakwe walikuwa wamenyamaza tu.

Mwezi aliotazamiwa kujifungua ukaingia, ukatoka. Sebolai akaanza kuwaangalia watu kwa jicho la ajabu. Wanawake wakitoka chemchemini na ndoo vichwani, yeye huwapisha njia, lakini huwapisha kwa kuwasogelea. Siku moja mmoja wao alijikwaa, na maji yakamwagikia Sebolai shingoni. Akaruka juu, akapiga kelele ya furaha mpaka mbwa wakabweka.

"Samahani, abuti, kaka yangu," yule mwanamke akasema, "ni jiwe tu hili."

Kwa muda wa kumeza mate, Sebolai alikuwa ameshakuwa baba wa binti. Alirudi nyumbani ameloa bure.

Asubuhi nyingine akamwona mtu asiyemjua akishuka mlima, fimbo mkononi, anakuja kwa haraka. Akavua blanketi, akalikunja vizuri juu ya jiwe, akampa mgeni mgongo, akainama kidogo na kufumba macho. Akasikia nyayo zikija, zikapunguza mwendo, zikasimama.

"Amani, abuti," mgeni akasema.

"Piga!"

"Nini?"

"Piga, bwana, usinionee haya! Baridi inaniua!"

Mgeni alikuwa anamtafuta punda wake aliyepotea. Habari za punda hakuziuliza tena. Alirudi kinyumenyume, kisha akageuka na kutimua mbio, na katika kijiji kilichofuata akawaonya watu kwamba kwa Ramosoeu kuna kichaa anayeomba viboko, tena anaviomba kwa hasira.

Habari hiyo ilirudi kijijini ikiwa imetiwa chumvi na pilipili. Rafiki yake Khoarai, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, alimkuta nje ya zizi na kumzunguka akimkagua mgongo.

"Abuti, bado tu? Ngoja nikusaidie. Nina fimbo nzuri, ya mzeituni."

"Ukinipiga wewe, nitakuwa nimezaa na nani?"

"Basi zaa na mimi, kuliko kukaa hivi. Watoto wangu wanaogopa kupita hapa."

Sebolai alicheka, maana asingecheka wangemcheka peke yao. Lakini moyoni aliogopa. Habari njema huja mbio, na kuna nyumba ambazo zikipata msiba huona haya kutuma mtu. Mama yake alikuwa ameanza kumpakulia ugali mwingi kuliko anaoweza kula, na kumtazama akila bila kusema neno. Mtu akitazamwa hivyo na mama yake anajua kuna jambo lililokwisha kuzungumzwa yeye asipokuwepo. Sebolai aliliwaza jambo hilo mchana kutwa na hakuthubutu kulitamka: kwamba Nomalizo amekufa, yeye na mtoto wake, na kwamba huku yeye amekaa mgongo wazi kama mjinga.

Aliyemwokoa ni mme Mphonyane, yaani mama Mphonyane, muuza ugoro, mzito wa miguu na mwepesi wa ulimi, ambaye biashara yake ilimpeleka kila bonde. Alikuwa ameketi jikoni na mama yake Sebolai akipima ugoro kwa kijiko.

"Safari hii nimeuza," akasema. "Kwa Letuka peke yake wamenimalizia kopo zima. Bibi wa pale analalamika halali, sijui ndiyo kazi ya mtoto mchanga…"

Akakwama. Kijiko kikabaki hewani.

Sebolai alikuwa mlangoni. "Mtoto gani?"

"Sijasema mtoto."

"Umesema mtoto mchanga, mme. Letuka ni mkwe wangu."

"Nimesema tete," akasema Mphonyane, akipiga moyo konde. "Nimeapishwa nisitaje mtoto, na sijamtaja. Nimeona tete tu. Na matete huota popote."

"Tete lilikuwa limeota wapi?"

"Juu ya mlango."

"Juu ya mlango?"

"Mvua ilikuwa nyingi mwaka huu, abuti."

Mama yake Sebolai akapiga kigelegele, maana tete juu ya mlango ni jambo moja tu: ndani mna mzazi na kichanga, na mwanamume haingii. Lakini Sebolai hakushangilia. Alikuwa amemshika mme Mphonyane mkono, na ugoro wote ulikuwa umemwagika.

"Na mama yake? Nomalizo?"

Mphonyane alimtazama kijana yule, akamwonea huruma, akakiacha kile kiapo. "Sikumwona, hatoki. Lakini kuna mtu nimemsikia akiimba mle ndani. Tena anaimba vibaya, Mungu anisamehe. Kama mlango unaohitaji mafuta."

Sebolai akakaa chini na kulia. Nomalizo hakujua kuimba hata kidogo. Tangu azaliwe hakuwahi kuupata wimbo ulipo, na yeye ndiye aliyekuwa akiimba mle ndani, hakuna mwingine.

Machozi yalipokauka, hasira ikaja. Mke mzima, mtoto mzima, tete limekwisha kunyauka juu ya mlango, na mgongo wake hauna hata alama! Baba yake, mzee Ramosoeu, aliitwa kutoka zizini akasikiliza, akavuta kiko, na ghafla akapiga paja.

"Sensa!"

"Sensa imefanya nini, baba?"

"Makarani wanapita bonde la juu wiki hii. Safari hii wanauliza na lugha. Wewe fikiri. Mtoto ambaye baba yake hajaambiwa, hana baba. Mtoto asiye na baba ni wa babu yake mzaa mama. Letuka atamwandikisha Mophuthi, karani akigeuza kisogo ndiyo atamtuma mjumbe, tena mjumbe anacheka! Mjukuu wangu! Mofokeng, wa ukoo wetu, tangu tumboni!"

"Kwani akiandikwa atabadilika pua?" mama yake Sebolai akauliza.

"Wewe mwanamke, mambo haya huyajui."

"Nayajua. Nyinyi wazee wawili mnamgombea mtoto kama kofia, na hakuna kati yenu aliyeuliza kama ananyonya."

Ramosoeu alijifanya hakusikia. Akamkataza Sebolai kuvuka mlima, kwa sababu baba haendi kujulishwa kwa miguu yake mwenyewe. Tangu milima hii iwepo halijatokea. Atakuwa kichekesho.

"Baba," Sebolai akasema, "mimi ni kichekesho tayari. Waulize wenye punda."

Kesho yake alfajiri alitandika farasi. Mzee akatoka nje amejifunga blanketi, akamuuliza anakwenda wapi. Sebolai akajibu kwamba amepoteza ng'ombe. Huo ndio uongo wa heshima katika milima yetu. Mwanamume anayetafuta ng'ombe anaruhusiwa kwenda popote na kuingia kwa yeyote.

"Ng'ombe gani? Wote wako zizini."

"Kuna mmoja hayumo," Sebolai akasema, na kumpiga farasi kisigino.

Alifika bonde la juu jua likiwa limeanza kuinama. Tete aliliona kutoka mbali, juu ya mlango wa nyumba ya nyuma, limekauka na kuinamisha kichwa. Akashuka na kumkokota farasi. Mbele ya nyumba, kando ya ukuta wa mawe wa zizi, watu wa bonde walikuwa wamekusanyika wameoga na kuvaa mablanketi yao ya harusi, kwa sababu karani wa sensa alikuwa amefika. Alikuwa mwalimu kijana kutoka tambarare, jina lake Limpho, amevaa mabuti ya mpira yenye matope mpaka magotini na uso wa mtu aliyetembea siku nzima akiuliza watu maswali yale yale. Alikuwa amepewa kigoda na kibuyu cha maziwa ya mgando, na zamu ilikuwa ya nyumba ya Letuka.

Letuka mwenyewe alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya watu wawili. Alipomwona mkwewe hakushtuka. Alivuta kofia yake ya nyasi mbele kidogo.

"Amani, ntate," Sebolai akasema, akimwita baba kwa heshima.

"Amani, mgeni."

Mgeni! Ukuta ule ule anaouegemea mzee ndio Sebolai alioupitishia ng'ombe wa mahari.

"Natafuta ng'ombe wangu."

"Aa, pole. Amepotea?"

"Hajapotea. Alikuja malisho ya huku, naona amechelewa kurudi."

"Alikuja peke yake?"

"Alikuja peke yake, lakini nadhani sasa ana ndama."

Watu wakaanza kukohoa. Mzee Mafura, jirani wa Letuka, aliyebakiwa na jino moja la mbele, akasogeza jiwe lake ili asikose neno.

"Ndama wa rangi gani?" Letuka akauliza.

"Sijui."

"Dume au jike?"

"Sijui, ntate."

"Jamani!" Letuka akawageukia jirani zake. "Mtu anadai ndama, hajui rangi, hajui kama ni dume au jike. Tukimpa kila anayekuja hivi, bonde hili litabaki na nini?"

"Ningejua kama ningeambiwa!"

"Tena ndama wa hapa wamezaliwa hapa," mzee akaendelea, kama hakusikia. "Majani ya hapa, maji ya hapa. Na wanalia kwa lugha ya hapa."

Karani akainua kichwa. "Samahani, wazee wangu. Ng'ombe mimi siwahesabu. Nahesabu watu."

"Tunajua, mwanangu," mzee Mafura akamwambia kwa upole. "Ndiyo maana tunazungumza habari za ng'ombe."

Wakati huo huo mtoto akalia. Alilia mle ndani kwenye tete, sauti nyembamba yenye madai mengi, na kilio hicho kilimpita Sebolai kama baridi. Alisahau ng'ombe, akasahau karani, akasahau kwamba mwanamume haingii penye tete. Aliachia hatamu na kukimbia.

Letuka, pamoja na uzee wake, alifika mlangoni kwanza. Sijui alipitia wapi. Aliinua fimbo na kuishusha kwa nguvu zake zote, na Sebolai alikuwa amegeuka kumkwepa, kwa hiyo ikatua katikati ya mgongo. Paa!

Kutoka jikoni kikapanda kigelegele, na cha pili, na cha tatu, na mwanamke mmoja akatoka mbio na mwiko mkononi.

"Ameambiwa! Ameambiwa! Ni mvulana!"

Watu wakamvamia Sebolai kumpa mkono. Yeye alikuwa amepiga magoti, machozi yanamtoka kwa maumivu na kwa furaha, huwezi kujua yapi ni ya nini.

"Nina mvulana! Ahsante, ntate! Ahsante sana!"

"Sijakuambia kitu!" Letuka akapiga kelele. "Nimekupiga tu!"

"Ndiyo, ntate, umenipiga!"

"Nimekupiga kwa hasira, mpumbavu wewe, si kwa…"

Mlango wenye tete ukafunguka upenyo, akatoka mama yake Nomalizo, mikono kiunoni. Mwanamke huyo kwa kawaida haongei sana. Siku hiyo aliongea.

"Nani anasema mvulana? Letuka! Nimemwogesha mtoto huyu kila siku kwa mikono yangu hii, ni msichana kuanzia juu mpaka chini, na wewe umemgeuza mvulana mbele ya watu wa serikali?"

Sebolai akainua kichwa. "Msichana?"

"Msichana, baba, tena ana miguu yako, pole yake."

Letuka alikuwa ameshika fimbo yake kama mtu aliyeokota nyoka. Aliona alipofika. Mzee Mafura naye aliona, na kwa kuwa hapo bondeni ndiye aliyekuwa akiombwa kusuluhisha ugomvi wa mipaka na wa mbuzi, alijikohoza na kusimama bila kuombwa.

"Letuka, fimbo yako imesema."

"Imesema nini? Nilikuwa na hasira!"

"Fimbo haiulizwi ilikuwa na hasira au haikuwa nayo. Mkono ni wa mkwe, mgongo ni wa mume, tete liko mlangoni. Mtu huyu ameambiwa. Kwamba ameambiwa uongo, hilo ni jambo jingine, na lina dawa yake."

"Dawa gani?"

"Si maji?"

Watu wakacheka mpaka farasi wa Sebolai akarudi nyuma. Karani naye alikuwa amejifunika mdomo kwa kalamu. Alipoweza kusema akauliza, kwa heshima zote, kama mtoto huyo ana baba au hana, kwa sababu yeye mwenyewe bado ana nusu ya bonde mbele yake na jua haliwasubiri walimu. Kule jikoni walikwisha kujaza ndoo. Ikaletwa, ikawekwa mbele ya Letuka, na maji yakitikisika ungeona baridi yake kwa macho.

Letuka aliiinua. Sebolai akavua blanketi, akainamisha kichwa, akangoja.

Hakuna kilichomwagika. Alipotazama juu alimwona mzee amesimama na ndoo kifuani, ameikumbatia, na ile sauti ya watu wawili haikuwepo.

"Sensa iliyopita," Letuka akasema, "hawakutuuliza. Walituandika sote pamoja, kama mtu anayemimina mtama na mahindi katika gunia moja. Nikiwa nimekaa hapa nakula, redio ikasema nchi hii ina Basotho, halafu ikataja wengine wachache, sisi hatukutajwa. Nimesikia redioni kwamba sipo, mwana wa Ramosoeu. Kijiko kikiwa mdomoni. Mama yangu alinizaa kwa lugha hii, nimechumbia kwa lugha hii, na tuliobaki tunaoizungumza vizuri tunajuana kwa vikohozi. Nikasema, safari hii wanauliza, na nyumba yangu ina sauti mpya. Mmoja tu. Nilitaka mmoja."

Sebolai alikuwa na maneno aliyoyapanga njia nzima, makali yote, na aliyatafuta asiyaone. Lililotoka lilikuwa lile ambalo hakumwambia hata mama yake.

"Ntate, nilidhani amekufa."

Mzee akapepesa macho.

"Mwezi umeingia umetoka, mmenyamaza. Nilidhani wamekufa wote wawili na mnaona haya kuniambia. Nilikuwa nakaa mgongo wazi kwenye baridi, nikifunga blanketi naona kama ninamzika."

Ilikuwa wazi kwa kila mtu pale kwamba katika hesabu zote za Letuka, hiyo hakuipiga. Aliona aibu, na aibu ya mzee ni kitu kizito kukitazama. Watu wakajifanya wanaangalia mbuzi. Mama yake Nomalizo peke yake hakuangalia mbuzi. Alimtazama mumewe na kusema taratibu, "Nilikwambia."

Sebolai aliwaza juu ya baba yake kule ng'ambo, na ukoo wake na majigambo yake, na Basotho wanaojaa kila bonde kutoka hapa mpaka mpakani. Mmoja akikosekana katika umati huo, nani ataamka kumtafuta? Akageuka, bado amepiga magoti, akamwambia karani:

"Mwandike mtoto. Hapa alipolala, nyumba ya babu yake. Na lugha ya babu yake."

"Bado hasemi," Limpho akasema.

"Atasema. Mama yake anamwimbia."

"Vibaya," mtu akasema kwa nyuma, lakini hakusema kwa ubaya.

Kalamu ikaandika. Letuka aliifuata kwa macho mpaka iliponyanyuka. "Na baba yako?" akauliza.

"Baba yangu nitamwambia mwenyewe. Kwa mbali, nikiwa juu ya farasi."

Hapo mzee akacheka, cheko moja fupi lililomtoka bila kutaka, na akamwaga.

"Si yote!" mama yake Nomalizo akapiga kelele. "Ni Aprili!"

Akamwaga yote. Maji ya mlima ya Aprili hayana mzaha. Sebolai alihisi kichwa kimepasuka, akatoa sauti ambayo si ya binadamu, na vigelegele vikapanda tena, safari hii vya kweli. Letuka aliweka ndoo chini, akainama mpaka uso wake ukalingana na uso wa mkwewe, na akasema kitu kwa Siphuthi, lugha yake. Siphuthi alichokijua Sebolai kilikuwa cha aina mbili, cha kumbembeleza mke na cha kufukuza mbwa wa mkwe, na maneno haya hayakuwa ya aina hizo.

Sauti ikatoka ndani ya nyumba yenye tete.

"Anasema, 'Nina binti.' Sema na wewe."

Ilikuwa sauti yake. Sebolai akageukia ukuta kama vile ungeweza kumwona. "Nomalizo?"

"Usiniite mimi. Sema!"

Akasema. Meno yakigongana, alisema kitu, na bonde likaangua kicheko. Mzee Mafura alilazimika kushikwa. Nomalizo akacheka mle ndani, kicheko kirefu, na Sebolai alikisikia chote mpaka mwisho kabla ya kujaribu tena. Letuka akatikisa kichwa: tena. Akasema tena. Wanawake wa jikoni wakamsahihisha, kila mmoja kwa njia yake. Tena. Mzee alisimama juu yake na kidole juu kama mwalimu wa kwaya, hana haraka yoyote, mpaka maneno yalipotoka yamenyooka, hata kama yalitetemeka, na ndipo akaitikia kwa kichwa na kumfanyia mkewe ishara.

Mama yake Nomalizo akaingia na kutoka, akasimama kizingitini chini ya lile tete, akafunua pembe ya blanketi. Mtoto alikuwa macho. Alikuwa na uso mwekundu wenye mikunjo na nywele nyingi zisizo na mpango, na alimtazama yule mtu aliyeloa kwa makini, bila huruma, kama anayemnunua.

Sebolai alifungua kinywa. Yale maneno aliyofundishwa yalikuwa pale pale, ameyasema sasa hivi mbele ya kila mtu.

Karani alisogea na kigoda chake na kugonga kalamu kwenye goti. "Tumalizie hapa, mzee. Baba wa mtoto, yeye anazungumza lugha gani?"

Letuka alimtazama mkwewe, aliyepiga magoti kwenye tope, kinywa wazi, machozi na maji ya ndoo yakimchuruzika pamoja kidevuni.

"Mpe muda, mwanangu," akasema. "Kwa sasa hana hata moja."